Nani Aliyepiga Ngoma?

Mpenzi msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa vichekesho (najua ndiko uendako), hebu nijibu swali moja tu. Ule wimbo wa Les Wanyika uitwao "Sina Makosa", nani aliyepiga ngoma ndani yake?

Niliwauliza wenzangu swali hilo muhula uliopita tukimngoja mwalimu wa hesabu. Tulikuwa wanafunzi 43. Wimbo wenyewe ni wa mwishoni mwa miaka ya sabini, umetuzidi umri sisi na hata walimu wetu kadhaa, lakini darasa zima lilikuwa likiujua. Wawili walisimama wakaanza kuuimba pale pale. Nilipouliza mwimbaji, jina la John Ngereza lilitajwa upesi. Nilipouliza gitaa la besi, mvulana mmoja wa dawati la nyuma akasema Tom Malanga, kwa sababu babake ni shabiki sugu. Nilipouliza ngoma, kimya. Kisha mmoja akasema, "Si hicho ni kinanda tu kinajipiga?"

La, hakikujipiga. Ni Rashid Juma. Alikuwa miongoni mwa wale waliotoka Simba Wanyika mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika, pamoja na Tom Malanga na Omar Shabani wa gitaa la kati. Usiku ukipita karibu na baa yoyote ya Kondele utamsikia akifanya kazi, ingawa hakuna mtu ndani anayemwita kwa jina.

Usidhani nauliza kwa majivuno. Mimi pia sikumjua mpaka mwaka huu, na kilichonisukuma kutafuta ni aibu. Wanachama wanaokumbuka toleo la mwaka jana watakumbuka kwamba ripoti ya chama chetu katika tamasha la muziki niliiandika mimi. Nilimtaja aliyeongoza shairi. Nikawataja waitikiaji wote, nikamtaja aliyetushonea leso, nikamtaja hata dereva wa basi kwa kuwa alitungoja bila kununa. Gazeti likatoka. Siku ya pili yake msichana mmoja, wakati huo akiwa kidato cha pili, akanijia kwenye mstari wa chakula, gazeti mkononi, akaniuliza taratibu, "Kwani mimi siku hiyo nilikuwa wapi?"

Nilidhani anatania. Kisha nikakumbuka. Ndiye aliyepiga ngoma.

Na si kwamba alikuwa amejificha. Mnaokumbuka siku ile mnajua tulivyoingia jukwaani tukitetemeka. Ubeti wa pili waimbaji walianza kukimbia, maana woga una miguu, na kama si yeye tungemaliza shairi kabla majaji hawajakaa vizuri vitini. Hakupiga kwa nguvu zaidi. Alishikilia tu mwendo wake ule ule, mpaka tukaona haya tukarudi kwake. Kila mtu jukwaani alimfuata yeye, mimi nikiwemo, halafu nikaenda nyumbani nikaandika kurasa mbili pasipo jina lake. Mwaka huu jina hilo liko kwenye ripoti ya chama, mahali pake panapostahili. Sikutaka kulitia hapa lionekane kama zawadi ya kufuta machozi.

Basi ndivyo nilivyoanza kuulizauliza.

Jambo la kwanza lililonishangaza limo katika lugha yetu wenyewe. Sisi ni chama cha Kiswahili, kwa hiyo tulitazame vizuri neno "ngoma". Ngoma ni ile ala yenye ngozi. Ngoma pia ni mchezo wenyewe, watu wakikusanyika na kucheza. Na siku hizi kijana akisema "wametoa ngoma mpya", anamaanisha wimbo mzima: maneno, gitaa, kinanda, kila kitu. Yaani chombo kimoja kimekipa jina chakula chote. Lakini sikiliza methali zetu. "Mcheza kwao hutunzwa." Anayetunzwa ni mchezaji! Aliyekaa nyuma akimpigia hatajwi. Nyingine inasema ngoma ikivuma sana hupasuka, na hapo pia tunaihurumia ngozi, mwenye mikono hayumo.

Huku kwetu ziwani mambo hayakuanza hivyo. Itazame nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala imelala mbele yake. Vidole vinacharaza nyuzi, mdomo unaimba, na wakati huo huo kidole gumba cha mguu kimevikwa pete ya chuma, oduong'o, anayoigongesha kwenye mti wa ala. Mguuni amefunga njuga ziitwazo gara. Kwa hiyo mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga mdundo ni mtu mmoja. Ukimsifu huyo umewasifu wote watatu, na ukimpa shilingi umewapa wote watatu. Hakuna wa kusahauliwa.

Gitaa lilipoingia, kazi hiyo ya mtu mmoja ikagawanywa. Wapiga gitaa wa Magharibi kama George Mukabi waliimba huku mtu pembeni akigonga chupa ya soda, ile ya Fanta ya zamani yenye mistari kama mbavu. Mukabi tunamjua, kuna wanaokumbuka hata kijiji chake. Aliyegonga chupa je? Nafikiri jina lilianzia kupotea hapo, siku ile mguu wa mpiga nyatiti ulipopewa mtu mwingine. Kisha zikaja bendi kamili, gitaa tatu zikiwa na umeme, na nyuma yao seti ya ngoma za kizungu.

Seti hiyo nayo ina kisa chake. Zamani huko Marekani ngoma kubwa ilikuwa na mtu wake, ndogo na mtu wake, na matoazi na mtu wake. Mwaka 1909 William Ludwig wa Chicago akatoa kanyagio zuri la mguu la kupigia ngoma kubwa, na mtu mmoja akaweza kukaa kitini na kufanya kazi ya watu watatu. Hakuna mahali niliposoma kwamba alilipwa mara tatu.

Sasa tuje kwenye benga, maana hiyo ndiyo ngoma ya nyumbani. Benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, ya George Ramogi, ya Victoria Jazz, inajulikana kwa gitaa linalochonga kama nyatiti na besi inayorukaruka. Kila anayeeleza benga huanza na gitaa. Mimi nilifundishwa kuisikiliza kutoka chini kwenda juu, na aliyenifundisha ni baba yangu mdogo.

Baba mdogo ni seremala, ana kibanda karibu na soko la Kibuye. Mchana hutengeneza vitanda na makabati. Tangu nikiwa mdogo nilijua kwamba wikendi "anaenda kupiga", lakini nilichukulia kama watu wanavyokwenda kucheza ajua. Kumbe yeye ni mpiga ngoma wa kibarua. Hana bendi yake. Bendi ikikosa mpigaji, humwita. Mwimbaji asiye na bendi akitaka kurekodi, mwenye studio humwita. Hulipwa wimbo ukiisha, anarudi kwenye randa yake.

Nilipomweleza kisa cha yule msichana na gazeti, alicheka sana, halafu akanyamaza, halafu akasema, "Nyathina, leta mtungi." Nikaleta mtungi wa plastiki wa lita ishirini, nikaleta na kifuniko cha sufuria na sanduku la misumari. Akauweka mtungi chini akaugonga kwa kisigino, sanduku akaliweka gotini, kifuniko akakining'iniza kwa kamba. Akawasha redio ya simu, wimbo mmoja wa zamani wa benga.

"Usisikilize mtu anayeimba," akaniambia. "Mwache aimbe. Sikiliza mguu."

Mwanzoni sikusikia mguu wowote. Katika rekodi za kale ngoma kubwa haisikiki kama siku hizi inavyotikisa vioo vya matatu, iko mbali kama mtu anayetwanga mahindi boma la pili. Lakini ukishaipata huwezi kuipoteza tena. Inapiga kila hatua, moja, mbili, tatu, nne, haibadiliki, ndiyo inayokufanya utikise kichwa bila kujua. Juu yake kuna matoazi mawili yaliyobebana, yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu wa kushoto huku kijiti kikiyagonga mbio mbio. Katikati kuna ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, ile inayolia kama kitambaa kinachochanwa. Sasa ngoja mwimbaji amalize. Katika benga, maneno yakiisha gitaa ndizo huchukua uwanja, na hapo ndipo watu huacha chupa mezani wakasimama. Kila mtu husema gitaa zimeongeza moto. Baba mdogo akasimamisha wimbo, akaurudisha nyuma. "Sikiliza tena. Gitaa limebadilika kidogo tu. Ni nani amefungua?"

Kweli, ni mpiga ngoma. Matoazi yaliyokuwa yamefungwa yamefunguliwa, ngoma ndogo imeanza kujibu gitaa, lakini mwendo ni ule ule. Unadhani wimbo umeongeza kasi kumbe haujaongeza hata chembe. Tuliurudia wimbo ule mara sita. Mama mdogo akatoka jikoni akauliza kama tumeshikwa na wazimu na kama mtungi wake utarudi ukiwa mzima.

Akanieleza pia anavyoingia kazini. Hupigiwa simu asubuhi, na mchana awe ndani ya studio. Mara nyingi wimbo hajawahi kuusikia. Huuliza mambo matatu tu: mwendo gani, sauti inakomea wapi ili gitaa ziingie, na unaishaje. Baada ya hapo humtazama mpiga besi. Anasema ngoma na besi ni lazima wale sahani moja, hata kama wamekutana asubuhi hiyo hiyo. Nikamuuliza kama huogopa. Akanijibu, "Mwimbaji akikosea neno watu hucheka. Mimi nikikosea watu huketi."

Nikataka kujua kwa nini jina lake halimo mahali popote, na jibu lake likanipeleka Kericho.

Miaka ya sitini, sabini na themanini bendi nyingi za huku ziwani zilipanda gari kwenda Kericho, mwendo wa kilomita kama 80 kutoka Kisumu, kurekodi kwa Chandarana. Wengine walifika Nairobi. Wakati huo bendi ilipiga kwa pamoja, chumba kimoja, mara moja. Leo mtu akikosea hurekodiwa peke yake tena, lakini siku hizo mmoja akiteleza wote walianza upya. Na kwa kuwa ngoma ina kelele kuliko vyote, mpigaji wake alikalishwa mbali na maikrofoni, asije akawameza wenzake. Ndiyo maana mguu nilioutafuta ulisikika kama uko boma la pili. Mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kweli kweli!

Kisha wimbo ulitolewa kwenye santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja haukutosha wimbo mzima, ndiyo maana nyingi zimeandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Sehemu ya pili mara nyingi huwa gitaa na ngoma tupu, uwanja wa mpiga ngoma hasa. Babu ana santuri chache kwenye sanduku la bati, nikaomba nizione. Katikati kuna karatasi ya duara, ukubwa wake kama kifuniko cha mkebe wa kahawa. Imeandikwa jina la wimbo, jina la bendi, mtunzi, na kampuni. Karatasi imejaa. Hakuna aliyekaa chini akasema tumnyime mpiga ngoma, nafasi tu ilikwisha kabla ya kumfikia.

Ukitaka kuona nguvu ya karatasi hiyo, sikia haya. Miongoni mwa watu waliotoa santuri nyingi za benga alikuwemo Oluoch Kanindo, ambaye baadaye alikuwa mbunge. Hakuwa mwimbaji, kazi yake ilikuwa kutayarisha na kuuza. Santuri zake zilisafiri mpaka Zimbabwe, watu wa huko wakazipenda sana, na wasijue waite nini muziki huo wa kasi. Wakasoma karatasi. Mpaka leo kule benga ya aina hiyo hujulikana kama "kanindo". Fikiria hilo, msomaji. Kuna watu walipiga, jasho likawatoka, na muziki wao ukapewa jina la mtu aliyekuwa kwenye lebo. Mimi simlaumu mzee huyo hata kidogo, bila yeye santuri zisingefika kokote. Nasema tu kwamba kilichoandikwa ndicho kilichosafiri.

Tusidhani ni shida yetu peke yetu. Hao wazungu wa muziki wa roki, ambao wapiga ngoma wao tunawaona kwenye video wakirusha vijiti, wana siri kama hizo. Tarehe 11 Septemba 1962, mjini London, Beatles walikuwa wakirekodi "Love Me Do", wimbo uliowatoa. Watayarishaji hawakuridhika na ngoma, wakamwita mpigaji wa kukodiwa, Mskoti aitwaye Andy White. Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi yenyewe, akapewa tari. White akalipwa pauni tano na ushee, akaenda zake. Ukisikia tari katika wimbo huo, ujue anayepiga ngoma ni White. Na huko California, nyimbo za vikundi vingi vikubwa vya miaka ya sitini zilipigwa na mtu mmoja, Hal Blaine, na nyimbo kama 40 alizopiga zilifika nambari moja Marekani. Vijana walinunua rekodi wakidhani wanamsikia yule mwenye nywele nzuri aliyeko kwenye picha.

Lakini aliyenikosesha usingizi ni Gregory Coleman. Mwaka 1969 bendi yao, The Winstons, ilirekodi wimbo "Amen, Brother", ukawekwa upande wa nyuma wa santuri, upande ambao watu hawausikilizi. Katikati bendi ikanyamaza, Coleman akapiga peke yake kwa muda wa sekunde sita au saba hivi. Hiyo tu. Miaka ya themanini mashine za kunakili sauti zilipokuja, watu wakaikata sehemu hiyo, wakaipunguza, wakaiongeza kasi, wakaitia katika maelfu ya nyimbo za rapu na za disko. Bila shaka umeicheza, hata kama hujui. Coleman hakupata hata senti kwa matumizi hayo. Alifariki Atlanta mwaka 2006 akiwa hana makao. Mwaka 2015 watu walichanga mtandaoni kiasi cha pauni 24,000 wakampa kiongozi wa bendi, Richard Spencer. Coleman alikuwa amelala kaburini miaka tisa.

Wapo walioheshimiwa, nisiwe mtu wa matanga tu. Tony Allen wa Nigeria, aliyefariki Paris mwaka 2020, alisifiwa na Fela Kuti mwenyewe kwamba bila yeye Afrobeat isingekuwepo. Na kuna Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa ya Kinshasa, anayetajwa kuwa baba wa mdundo wa kavacha. Husimuliwa kwamba aliupata kutokana na mlio wa garimoshi kati ya Brazzaville na Pointe-Noire. Mdundo huo ulifika Nairobi miaka ya sabini pamoja na bendi za Wakongo, ukaenea kila mahali. Reli ilifika hapa Kisumu mwaka 1901, na sijui kwa nini hakuna mtu wetu aliyelisikiliza garimoshi kwa masikio hayo.

Turudi Kibuye. Mwaka 2011 baba mdogo aliitwa kwenye studio moja ya hapa mjini apige wimbo mmoja. Alilipwa shilingi 1,500 na chakula cha mchana, samaki na ugali. Akatia sahihi kwenye daftari. Ulikuwa wimbo wa nne siku hiyo, na anasema vijiti vilikuwa vimemtoa malengelenge. Wimbo ukavuma. Mpaka leo ukipanda tuktuk kutoka mjini kwenda Nyalenda una bahati nzuri ya kuusikia kabla hujashuka.

Malipo hayo hayamuumizi. "Nilikubali mwenyewe," asema. Kilichomuuma ni jambo dogo zaidi. Mwaka juzi tulikuwa kwenye matanga kijijini upande wa Seme, usiku, muziki umewekwa. Wimbo ule ukapigwa, vijana wakaruka. Baba mdogo alikuwa amefurahi, akamwambia kijana aliyekuwa akichezesha muziki, "Hiyo ngoma nilipiga mimi." Kijana akamtazama, shati la kazi, vumbi la mbao, akawaambia wenzake kwenye kipaza sauti kwamba hapa kuna mzee anasema ndiye aliyepiga ngoma hii. Watu wakacheka. Wakampigia makofi ya dhihaka. Mimi nilikuwepo, na nakiri kwamba nilitazama chini, kwa sababu hata mimi sikuwa na hakika.

Baada ya kumaliza somo letu la mtungi nilimkumbusha usiku ule. Akasema hakuwa na la kuwajibu. Angewaonyesha nini?

Swali hilo nililipeleka kwa mwalimu mlezi wa chama, naye akanielekeza kwenye sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua anayepiga ala kuwa na haki juu ya kile alichokipiga, mbali na haki ya mtunzi, na haki hiyo hudumu miaka 50. Mwaka 2012 ikaongezwa sehemu inayosema kwamba rekodi ikirushwa hewani au ikichezwa hadharani, wapigaji nao wastahili malipo. Tangu 1983 watunzi walikuwa na chama chao cha kuwakusanyia, MCSK, na mwaka 2009 kikaundwa PRISK kwa ajili ya waliopiga na walioimba. Kwa hiyo mlango upo. Shida ni kwamba unapoingia unaulizwa ni rekodi gani, ulipiga nini, na ushahidi uko wapi. Tunarudi pale pale kwenye karatasi ya duara. Mwimbaji ana sauti yake, kila mtu ataitambua. Ngoma haina sura.

Hata hivyo haina sura kwa asiyesikiliza. Baba mdogo ana namna yake ya kufunga mstari: kabla gitaa hazijaingia huacha pigo moja likae tupu, kama mtu aliyevuta pumzi, ndipo anafungua matoazi. Sasa naisikia kwenye nyimbo ambazo hata hakuniambia kwamba alipiga. Nikimuuliza, hukubali kwa kichwa, akashangaa nimejuaje.

Kazi yenyewe inapungua. Studio nyingi zinatumia kompyuta, na ukienda kwenye ohangla ya siku hizi, ile ngoma ya asili yenye ngozi ya kenge mara nyingi inashindana na mdundo uliomo ndani ya kinanda. Kinanda hakidai samaki. Mwaka huu baba mdogo ameitwa studio mara tatu tu.

Kwa hiyo Jumamosi alasiri, akishafunga kibanda, tunakaa mimi naye na daftari la mistari. Yeye hukumbuka, mimi huandika: jina la wimbo, mwaka, studio ipi, nani alikuwa kwenye besi, nani yu hai wa kushuhudia. Ameniomba nisimtaje hapa gazetini mpaka shughuli hiyo iishe, asije akaonekana ameanza kwa kujitangaza. Mwanzoni alisema nyimbo zake hazizidi kumi. Tumefika 23, na mpiga besi mmoja aliyehamia Mbita ametutumia picha aliyopiga kwa simu ya zamani ndani ya studio siku ile ya 2011. Haionekani vizuri. Mbele yuko mwimbaji, anacheka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, kuna toazi, na juu ya toazi kuna nusu ya paji la uso ambalo nalijua.